Wauza kompyuta, acheni kutuwekea kibodi za Bluetooth halafu mnasema mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imekufa!

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Ofisini tumenunua kompyuta mpya za mezani. Muuzaji akatuwekea kibodi za Bluetooth, eti meza zipendeze, nyaya zimepitwa na wakati. Haya. Juzi, mwisho wa mwezi, mashine ya mhasibu imesasisha BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows), ilipowaka ikaleta kioo cha bluu cha BitLocker, ule ulinzi wa Windows unaofunga diski, kinachodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo upo, umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, nausoma kwenye simu. Sasa nauandika kwa kutumia nini? Kibodi haisomi. Betri mpya, haisomi. Zima, washa, haisomi.

Nampigia muuzaji, ananijibu: "Bosi, hiyo mazabodi imeenda. Au ilete tupige Windows upya."

Hebu fikirieni. Diski imefungwa, ufunguo ninao mkononi, halafu mtu anataka afute mafaili ya mishahara ili isijulikane kwamba aliuza kibodi isiyofaa kwa kazi hiyo. Na hela ya ufundi angedai!

Nilichomoa kibodi ya waya kwenye mashine kuukuu iliyotupwa stoo, nikaichomeka, nikaandika tarakimu zote, Windows ikapanda. Mazabodi nzima kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba hili si siri. Kibodi ya Bluetooth huunganishwa na kompyuta ndani ya Windows, na kumbukumbu ya muungano huo inatunzwa humohumo. Redio yenyewe inasubiri draiva (programu inayoiendesha) ipakiwe ndipo iamke. Kwa hiyo kwenye BIOS na kwenye kioo cha BitLocker, kwa PC nyingi, hiyo kibodi haipo. (iMac inaitambua kibodi ya Apple ya Bluetooth mapema, ila hapo kampuni moja imetengeneza vyote viwili.)

Zile zisizo na waya zinazokuja na kidude chao cha kuchomeka kwenye USB ni habari nyingine. Kidude na kibodi vinajuana tangu kiwandani, na kompyuta ikikiona kidude inaona kibodi ya USB ya kawaida tu. Hata BIOS inakielewa. Hizi nazo zikigoma wakati wa kuwasha, mara nyingi BIOS imewekwa Fast Boot, inaruka kukagua USB ili iwahi kupanda. Unabonyeza F2 au Del uingie BIOS mpaka kidole kinauma, wakati yenyewe haijaanza hata kusikiliza. Kama Windows inapanda, ingia kwa maus: Settings, System, Recovery, Advanced startup, kisha chagua UEFI Firmware Settings (ndiyo mipangilio ya BIOS). Ila ukifika ndani ya BIOS unaweza kukuta bado unahitaji kibodi, kwa hiyo azima ya waya, zima Fast Boot, washa USB Legacy (inayoruhusu kibodi za USB kabla ya Windows) kama ipo. Kidude chenyewe kichomeke nyuma moja kwa moja kwenye mazabodi, si kwenye habu ya kugawa matundu ya USB. Mashine yako ikiwa na tundu la duara la zambarau, kibodi ya zamani ya PS/2 inayochomekwa hapo haihusiki kabisa na haya mambo ya USB.

Na kabla hamjaja na "ni sasisho la Windows": najua. Oktoba 2025 sasisho KB5066835 la Windows 11 liliua kibodi na maus za USB kwenye mazingira ya urejeshaji (menyu ya kutengeneza Windows ikigoma), hata za waya, na Microsoft wakatoa KB5070773 siku chache baadaye kurekebisha. Lakini hilo lilikuwa ndani ya menyu hiyo, si kwenye kioo cha BitLocker. Yangu imeandika vizuri kwa waya, palepale kwenye kioo kilekile kilichoigomea Bluetooth.

Boksi la kibodi limejaa picha za betri inayodumu na vifaa vitatu unavyoweza kuunganisha. Sentensi moja ya kusema haifanyi kazi kabla ya Windows, hakuna. Muuzaji naye hakuuliza kama mashine zina BitLocker, na sasa anasema tukitaka kubadilisha tuongeze hela.

Mnaojua taratibu za biashara, naweza kumdai arudishe pesa kwa sababu hakusema? Na mwenye PC ya mezani isiyo ya Apple ambayo BIOS yake inasoma Bluetooth, aweke modeli hapa. Nataka aliyejaribu kwa mkono wake, si "nasikia".