Mjadala: Anayeendesha baiskeli kuwachangia wagonjwa, gharama za safari yake alipe nani?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja. Siku hizi haipiti miezi mingi bila kusikia mtu au kikundi kinaendesha baiskeli mkoa hadi mkoa, au nchi hadi nchi, kuchangisha fedha za matibabu, madawati au visima. Inatangazwa namba moja ya kutuma mchango, na watu wanatuma. Mwisho wa safari tunaoneshwa picha ya hundi kubwa na waandishi wa habari wamejaa. Zilizoingia zote ni kiasi gani? Mafuta ya gari la kusindikiza, gesti, tairi na posho zimekula ngapi? Hapo kimya.

Msimamo wangu nauweka mapema: shilingi iliyotolewa kwa jina la mgonjwa isiguswe na mwendesha baiskeli, hata kwa kununulia maji ya kunywa. Gharama za safari zichangishwe peke yake, kwa namba yake, na anayetuma ajue anatuma kwa ajili ya nini.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi yangu. Wanasema safari zenyewe hazina maana, mtu angetoa hizo fedha akabaki nyumbani. Hao siwaungi mkono. Mwaka 1980 watu 36 wakiongozwa na Billy Starr waliendesha baiskeli kukatiza jimbo la Massachusetts, Marekani, wakakusanya dola kama 10,200 za kupambana na saratani. Safari hiyo inaitwa Pan-Mass Challenge na bado inafanyika kila mwaka. Jumla ya ilichochangisha kwa taasisi ya saratani ya Dana-Farber imeshavuka dola bilioni moja. Hakuna barua ya kuomba msaada ingeleta fedha hizo. Mtu ambaye hajawahi kuchangia hospitali maishani anafungua mfuko kwa sababu binamu yake anaupanda mlima Kitonga kwa kukanyaga pedali. Jasho lina nguvu ya kuomba.

Lakini tazameni walivyojipanga. Mshiriki analipa ada yake ya kujiandikisha, na ada hizo pamoja na wadhamini ndizo zinazobeba chakula, malazi na usalama wa barabarani. Alichochangiwa na watu kinakwenda chote hospitalini. Zaidi ya hapo, mshiriki anaahidi kima cha chini, na asipokifikisha anakatwa kwenye kadi yake mwenyewe. Hapo ndipo unapomtofautisha aliyejitolea na aliyepata nafasi ya kutalii.

Huko huko Marekani kuna mfano wa upande wa pili, nao unastahili kusikilizwa kwa haki. Mwaka 1994 kampuni ya Dan Pallotta ilianza kuandaa safari za baiskeli kutoka San Francisco hadi Los Angeles kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Zilikusanya mamilioni mengi ya dola, lakini gharama za matangazo, mahema, chakula na wafanyakazi zilitoka kwenye makusanyo yale yale. Ugomvi ukawa mkubwa. Mwaka 2002 taasisi zilizokuwa zikinufaika zilianzisha safari yao wenyewe, AIDS/LifeCycle, na mwaka huo huo kampuni ya Pallotta ikafunga milango. Yeye ameendelea kujitetea kwamba ukiogopa kutumia, hutakusanya cha maana, na kwamba kipimo ni kiasi kilichomfikia mgonjwa, siyo asilimia iliyotumika njiani.

Ni hoja nzito na sitaki kuipuuza. Gharama ni za kweli: AIDS/LifeCycle nayo ilifanya safari yake ya mwisho mwaka 2025, gharama zikiwa zimepanda na washiriki wamepungua. Ninachokataa ni mchangiaji kuelezwa jambo moja wakati fedha yake inafanya jingine. Ukiniambia wazi, "katika kila elfu kumi, elfu nne ni za safari", nitaamua mwenyewe. Usinifichie kwenye picha ya mtoto mgonjwa.

Kwetu mifano ipo pia. Tangu 2002 kuna Kili Challenge ya mgodi wa dhahabu wa Geita, ambapo wengine hupanda Mlima Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli kuchangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Kuna Twende Butiama, msafara wa baiskeli wa kumuenzi Mwalimu Nyerere kutoka Dar es Salaam hadi Butiama, wenye kampuni zinazoudhamini, na njiani wanagawa madawati na kupanda miti. Hilo la madawati nalipenda: dawati lipo darasani au halipo, na mwalimu anaweza kuulizwa.

Tatizo liko kwa wasafiri wa mmoja mmoja, na hapa ndipo wengi watanipinga. Watasema: kijana wa Mbeya hana ada ya kulipa wala mdhamini. Ukimwambia ajigharamie, umeziacha safari za hisani kwa matajiri na kwa wazungu wanaokuja kuendesha baiskeli Cairo hadi Cape Town. Ni kweli, na inauma. Ndiyo maana sisemi ajigharamie. Nasema awe na namba mbili. Moja ya safari, aombe bila aibu: nahitaji tyubu, chakula, pa kulala. Wapo watakaomchangia yeye kwa sababu wanampenda au wanaamini uthubutu wake. Ya pili iwe ya hospitali yenyewe, fedha isipite mkononi mwake kabisa. Akiishia Morogoro kwa ajali au ugonjwa, cha wagonjwa kimeshafika.

Na akimaliza, asome hesabu. Kamati ya harusi ya mtaani inasomewa mapato na matumizi siku ya kuvunja kamati, mpaka kreti za soda. Iweje fedha za wagonjwa wa saratani zidaiwe maelezo machache kuliko za harusi?

Kwa wageni sheria iwe ile ile. Uingereza mashirika mengi ya hisani humpa mshiriki njia mbili: ajilipie safari mwenyewe, au akusanye kiasi fulani ambacho ndani yake gharama ya safari inakatwa. Njia ya pili ndiyo inayonitatiza, hasa safari yenyewe ikiwa Kilimanjaro na mtu anarudi kwao akisifiwa kwa wema.

Kuna jambo moja sijalimaliza kichwani, na nataka maoni ya waliowahi kuchangia au kuendesha. Baiskeli nzuri ya safari ndefu ni ghali, na mara nyingi inanunuliwa kwa michango. Safari ikiisha, ni ya nani? Naelekea kusema ipigwe mnada na fedha iende kule kule hospitalini, lakini kijana aliyeikanyaga kutoka Mbeya hadi Mwanza ana haki gani juu yake?