Nimepangiwa JKT Mafinga, nyumbani mama anabaki peke yake. Kibali cha silaha kinachukua muda gani?

Kijana wa Sengerema (mleta uzi)
Habari za usiku wakuu, na shikamooni mliotangulia. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Majina ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria yametoka na nimepangiwa Mafinga. Baba alifariki mwaka jana, nyumbani tumebaki mama, mimi na mdogo wangu wa kike wa darasa la tano. Mama ana mashine ya kusaga na anauza nafaka. Jioni anarudi na hela ya siku nzima ameifunga kwenye khanga, na mtaa mzima unalijua hilo. Mwezi uliopita jirani yetu mwenye kibanda cha uwakala alivamiwa usiku, wakamkata panga la mkono.

Nisiporipoti JKT nitapata shida chuoni? Na mama akiomba kibali cha kumiliki silaha, kinatoka baada ya muda gani? Nimesikia ukiwa na cheti cha JKT kwenye familia mambo yanakwenda haraka. Naombeni ushauri, usingizi siupati.

Kuruta Mstaafu
Dogo, ripoti. Nilipita Makutupora, nilikwenda nanung'unika na nilirudi mtu mwingine. Filimbi alfajiri, mchakamchaka, kwata, jioni bustani. Utalia wiki ya kwanza, ya pili unaimba.

Hilo la cheti kuharakisha kibali ni maneno ya kijiweni. Jeshini silaha si mali yako hata dakika moja. Siku ya kulenga shabaha tulipewa risasi za kuhesabu, na tulipomaliza tulipiga magoti mchangani kuokota maganda. Ganda moja lilikosekana, kombania nzima haikula mpaka lilipoonekana. Ukitoka huko umejifunza kuiogopa bunduki, hujapewa ruhusa ya kuwa nayo.

Mama Watatu
Mwanangu, pole kwa msiba. Bunduki na mtoto wa darasa la tano nyumba moja? Tafuteni mbwa wawili, taa ya nje na ndugu wa kulala hapo. Na hela isirudi nyumbani, aiweke kwenye simu kila saa kumi.

Mzee wa Nzega
Marahaba kijana. Sisi tulikwenda mwaka mzima, si hii miezi yenu mitatu. Na wakubwa zetu waliigomea: Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga jeshi la lazima, Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza asilimia 20. Serikali ikasimamisha mwaka 1994, ikarudisha 2013. Katikati hapo tumelea kizazi kisichojua hata kushika jembe.

Kuhusu wezi, huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe waliibwa mpaka tukawa tunalala nao ndani. Tulianzisha Sungusungu. Hatukuomba bunduki kwa mtu, ilikuwa upinde, filimbi na yowe. Likipigwa yowe, mwanamume aliyebaki kitandani analipa faini. Wezi walihama wenyewe.

Mbongo wa Zurich
Mzee, shikamoo. Mimi naona tunaogopa bila sababu. Huku Uswisi kijana wa kiume akienda jeshini anarudi nyumbani na bunduki yake, anaiweka kabatini, kesho anapanda treni nayo kwenda mazoezini. Mwaka 2011 waliulizwa kwenye kura kama silaha hizo zirudi ghalani, wengi wakakataa. Mwaka 2013 wakaulizwa kama jeshi la lazima lifutwe, asilimia 73 wakakataa. Taifa linalomwamini raia wake linampa mafunzo na linampa silaha. Sisi tunachukua la kwanza tu.

Kuruta Mstaafu
Umesahau kumwambia kwamba risasi za serikali wanajeshi hao hawakai nazo tena nyumbani. Kabatini kuna chuma tu.

Pwani Si Kenya Tu
Na sisi Kenya tumeonja ya kugawa silaha. Kule Turkana na Baringo serikali iliwapa bunduki askari wa akiba walinde mifugo. Mwaka 2019 ikazikusanya, na waliopokonywa wakalia kwamba wameachwa uchi mbele ya wezi. Ukishampa mtu silaha, kuichukua ni kazi nyingine.

Karani wa Mahakama
Mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Kila anayeulizia kibali huanza na bei ya bunduki, maana ndiyo kikwazo cha kwanza. Wewe bei hujauliza. Silaha ipo tayari?

Kijana wa Sengerema
Mkuu, hilo nadhani haliendani na nilichouliza. Naomba kujua muda wa kibali tu.

Karani wa Mahakama
Linaendana sana. Marehemu baba yako alikuwa anamiliki silaha?

Kijana wa Sengerema
Ndiyo. Ni bunduki ya marisau, alikuwa nayo kihalali na leseni ipo kwenye sanduku la nyaraka. Iko darini, juu ya chumba cha mama, imefungwa kwenye gunia la mkonge. Risasi ziko kando kwenye kopo la maziwa. Tangu msiba hakuna aliyekuja kuulizia, na mama anasema ikienda polisi hairudi. Naomba msinihukumu. Tumeshakubaliana na baba mdogo aje aichukue, akae nayo kwake na awe anakuja kulala hapa nikiwa Mafinga. Yeye alipitia mgambo, anaijua silaha, si mtu wa kubahatisha.

Karani wa Mahakama
Hapo ndipo penye uzi wenyewe. Leseni ni ya mtu, haifuati damu. Baba yako alipofariki, ile karatasi ilikwisha nguvu na mlitakiwa kuipeleka silaha polisi. Anayeitaka anaomba upya kwa jina lake: barua inaanzia serikali ya mtaa, inakwenda kamati ya ulinzi na usalama ya kata, wilaya, mpaka mkoa. Kote huko wanauliza tabia yako, akili yako na unachokilinda.

Kuhusu baba mdogo: mgambo si leseni. Akikamatwa njiani na hilo gunia, kesi za kumiliki silaha bila kibali hufunguliwa kama uhujumu uchumi. Nimeona watu wanasota mahabusu wakisubiri dhamana kwa bunduki ya urithi ambayo haijawahi kupigwa hata mara moja.

Kijana wa Sengerema
Nimekuelewa, ila mkuu hukai hapa. Ukipiga simu kituoni usiku unaambiwa gari halina mafuta. Baba mdogo anafika kwa dakika kumi. Ile karatasi na mwizi akiwa mlangoni, bora nini?

Mama Watatu
Mwanangu, mwizi akijua ipo darini ndiyo anakuja kuifuata hiyo hiyo. Na umeshaitangaza hapa.

Jicho la Tatu
Samahanini, mimi siamini. Kila mwaka majina ya JKT yakitoka lazima ajitokeze kijana yatima mwenye mama mjane. Akaunti ina siku mbili. Anaandika Kiswahili cha magazeti, halafu bunduki inatokea katikati ya hadithi kama mchuzi umekolea chumvi. Huyu anatafuta habari ya kuandika. Dogo, kama kweli umepangiwa, bukta inatakiwa ya namna gani?

Kijana wa Sengerema
Bluu iliyokoza, mpira kiunoni, isiyo na zipu, inafika magotini. Fulana ya kijani. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi nyeusi ndefu. Nauli ya kwenda na kurudi. Mama ameshanunua shuka, bukta fundi anamalizia kesho. Nilifungua akaunti siku mbili zilizopita kwa sababu siku mbili zilizopita ndipo baba mdogo alipopiga simu kusema anakuja. Unataka nikutumie na picha ya kaburi?

Jicho la Tatu
Tangazo hilo liko mtandaoni, yeyote analisoma. Siendelei.

Mzee wa Nzega
Jicho, kijana amefiwa. Hata kama unamtilia shaka, lugha hiyo hapana.

Msomaji Kimya
Wakuu, sijawahi kuandika humu. Kama hadithi yake ni ya kutunga sijui, lakini yangu si ya kutunga. Niko kusini, kwetu kuna gobole la marehemu babu. Tembo na nguruwe wanamaliza mashamba, wajomba wanalitumia kwa zamu, leseni hata babu hakuwa nayo. Nimesoma maneno ya karani mikono inatetemeka. Tukilipeleka si tunajifunga wenyewe?

Karani wa Mahakama
Ndugu, Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu, na hapa kwetu polisi wamekuwa wakitangaza msamaha kipindi hicho. Anayesalimisha kwa hiari ndani ya muda hashtakiwi kwa kuwa nalo. Subiri tangazo, kisha mpitie kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa kiongozi wa dini, aende nanyi. Wajomba wasilipige tena kuanzia leo.

Kijana wa Sengerema
Wakuu, baba mdogo ameshafika na bodaboda, yuko sebuleni na mama. Amekuja na begi refu. Nimwambie nini?

Kuruta Mstaafu
Mwambie haiondoki. Usipande darini, usiishushe, usimpe kopo la risasi. Mpigie polisi kata, mweleze kuna silaha ya marehemu na leseni yake ipo, mnaomba aje aichukue kwa maandishi. Silaha ya jeshi haisafiri kwenye bodaboda, na ya baba yako isisafiri.

Kijana wa Sengerema
Nimempigia. Amesema atakuja asubuhi na mwenzake, tuandae leseni na cheti cha kifo. Baba mdogo ameondoka bila kunywa chai, amesema nimemdharau kwa mambo ya mtandaoni. Mama hasemi nami. Kulala hapa sasa hatakuja, kwa hiyo la ulinzi bado liko pale pale.

Mama Watatu
Kesho asubuhi mtangulie kwa balozi wa mtaa, mama aseme yeye mwenyewe. Na kesho hiyo hiyo afungue laini ya uwakala, hela iishie mashineni.

Kijana wa Sengerema
Sawa mama, nitamwambia akitulia. Kuruta, Mafinga mtu anashukia wapi?

Kuruta Mstaafu
Stendi ya mjini, utawaona wenzako na mabegi. Sweta beba mbili, ile baridi ya Mufindi haina huruma.