Data ya mitumbwi ya dagaa: iwekwe wazi kwa kila mtafiti, au ibaki mwaloni?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Mimi ni mtu wa data hapa Mwanza. Juzi tulikaa watafiti sita pale Kirumba, kila mmoja akaeleza kazi yake. Mmoja anaifundisha kompyuta kutambua sangara na sato kwa picha, mwingine anaandika programu ya kurekodi mzigo kwa sauti ya Kiswahili. Yote safi. Tukakwama kwenye mitumbwi.

Mwenzetu mmoja amefunga vifaa vya GPS kwenye mitumbwi ya dagaa. Kimoja nimekiona: kimekazwa chini ya ubao wa kukalia kwa mpira wa baiskeli, kila dakika kinaandika mtumbwi ulipo. Anataka kuiweka data yote mtandaoni, apakue yeyote. Anasema majina ameshafuta.

Nasema hapana. Mwaka 2013 mtafiti de Montjoye na wenzake walichunguza nyendo za watu milioni 1.5 kwa data ya simu isiyo na majina, wakakuta pointi 4 tu za mahali na saa zinawabainisha watu 95 kati ya kila 100. Sasa mtumbwi unaotoka mwalo uleule kila usiku wa giza, ukarudi alfajiri palepale, utajificha wapi? Mtu wa mwaloni atautaja kabla ramani haijamaliza kufunguka. Na penye dagaa ni siri ya mtu. Wezi wa injini na nyavu nao wangependa kujua nani yuko wapi saa nane usiku.

Tena aliyesaini fomu ya ridhaa ni tajiri mwenye mitumbwi. Wanaokesha ziwani ni vibarua wake, hakuna aliyewauliza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Au hiyo ni ya watu wa mabenki tu?

*Mchangiaji wa pili:*
Mkuu, hofu yako naielewa, ila unatufungia mlango sisi wenyewe. Modeli iliyofundishwa kwa picha za samaki wa Norwei sangara haimjui. Nikificha data yangu, nani atayarudia majaribio aone kama nimesema kweli? Wavuvi wamechoka na dodoso lilelile kila mradi, kwa sababu aliyetangulia aliifungia data kabatini. Na ziwa ni la nchi tatu. Samaki haonyeshi pasipoti kisiwani Migingo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

*Mchangiaji wa tatu:*
Mimi si mtu wa kompyuta, naanika dagaa Igombe. Shemeji yangu anacho hicho kifaa tangu mwaka jana. Kaka zangu, mnabishana iwe wazi au ifichwe, ila yeye mwenyewe hajaonyeshwa hata hiyo ramani yake.

*Mwanzisha mada:*
Dada, hapo umenishika. Hilo nalibeba, ramani italetwa mwaloni.

Mkuu wa pili, picha za samaki na msimbo wa programu viwe wazi, hapo hatugombani. Safari ndizo nataka tuzikusanye kwenye miraba ya kilomita 5, tuzitoe baada ya msimu kupita, data ghafi ikae chini ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Tatizo: mwalo wenye mitumbwi mitatu, mraba hauufichi. Mwenye hesabu ya kulitatua hilo aje nayo.