Mrejesho: Mzee mwenye moyo kufeli na mazoezi ya nguvu

Habari wakuu. Niliuliza hapa kama mzee wangu, ambaye moyo wake umedhoofika na yuko kwenye dawa za kila siku, anaweza kunyanyua vyuma vyepesi au ndiyo tutammaliza. Asanteni sana mliojibu, hata yule aliyenigombeza.

Tulifuata ushauri wa wengi: daktari kwanza. Akampima, akasema hali imetulia, ruksa, mradi aanze na uzito anaoweza kuunyanyua mara 10 hadi 15 bila kujikamua.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kukaa na kusimama kwenye kiti. Mwanzoni alikuwa anajisukuma kwa viganja juu ya magoti. Sasa anainuka mikono ikiwa kifuani. Na wewe uliyesema "toa pumzi unapoinuka, usiibane", ubarikiwe, maana mzee ana tabia ya kubana pumzi kama anabeba gunia, na presha hupanda hapo hapo. Mapigo ya moyo hatuyategemei kujua kama anajizidishia, kwa sababu anatumia dawa za beta bloka, ambazo huyashusha. Tunaangalia kama bado anaweza kupiga stori huku anafanya.

Kilichogoma: kunyanyua vitu juu ya kichwa. Alipata kizunguzungu, daktari akatuambia tuache. Ngazi nazo bado zinamhemesha. Miguu imepata nguvu, moyo wenyewe haujapona.

Kupima uzito kila asubuhi bado tunaendelea, maana uzito ukipanda ghafla huenda ni maji yanajaa mwilini. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mazoezi yanasimama na tunapiga simu kliniki.