Mjadala: Je, mataji ya Steffi Graf baada ya Aprili 1993 yahesabiwe nusu?

Wapenzi wa tenisi, naomba tulijadili hili bila jazba. Kila anapotajwa Mjerumani Steffi Graf katika mabishano ya nani bora zaidi kwa upande wa wanawake, hakosi mtu wa kusema mataji yake 22 ya Grand Slam (mashindano manne makubwa ya kila mwaka: Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open) yana doa, kwa kuwa mpinzani wake mkubwa, Monica Seles, alichomwa kisu na shabiki wa Graf. Wapo wanaotaka mataji ya baada ya hapo yahesabiwe nusu. Mimi napinga. Ila sitampitia Seles juu juu, maana wengi wanaomtetea Graf huanza kwa kumshusha Seles, na hiyo si haki hata kidogo.

Kwa wasiokumbuka: ilikuwa tarehe 30 Aprili 1993, mjini Hamburg, robo fainali. Seles, binti wa miaka 19, namba moja duniani, alikuwa anaongoza 6-4, 4-3 dhidi ya Magdalena Maleeva wa Bulgaria. Wachezaji wakaenda kupumzika kabla ya kubadilishana upande. Seles alikuwa ameketi, ameinama mbele anakunywa maji. Nyuma ya kiti chake palikuwa na kizuizi kifupi tu, kisha watazamaji. Günter Parche, Mjerumani wa miaka 38, akasogea hadi hapo na kumchoma kisu cha jikoni katikati ya mabega. Jeraha lenyewe lilikuwa na kina cha sentimita moja na nusu hivi, likapona baada ya wiki kadhaa. Lakini Seles hakuonekana tena mashindanoni kwa zaidi ya miaka miwili. Parche alikiri kwamba alitaka Graf arudi kileleni. Mahakama ikampa miaka miwili, kifungo cha nje.

Sasa hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Kuanzia Australian Open ya 1991 hadi ile ya 1993, Seles alicheza Grand Slam nane akabeba saba. Katika kipindi hicho hicho Graf aliambulia mbili, zote Wimbledon, na ya 1991 Seles hakucheza. Fainali ya French Open, Paris, ya 1992 Seles alimshinda 10-8 katika seti ya tatu. Januari 1993, fainali ya Australian Open, Melbourne, akamshinda tena. Halafu kisu. Kilichofuata, Graf akatwaa French Open, Wimbledon, US Open na Australian Open mfululizo. Anayeona mtiririko huo akaanza kuuliza maswali, simlaumu. Tulinyang'anywa ushindani ambao huenda ungekuwa mkubwa kuliko wote katika mchezo huu, na mimi binafsi bado unaniuma.

Lakini tuhesabu taratibu. Kabla ya Hamburg, Graf tayari alikuwa na mataji 11 ya Grand Slam. Seles akiwa nje alipata sita. Baada ya Seles kurejea Agosti 1995, Graf aliongeza matano. Kwa hiyo mabishano yote haya ni juu ya sita, wala si 22. Na kati ya hayo sita, mawili ni ya Wimbledon, kwenye nyasi, ambako Seles hakuwahi kutwaa taji. Fainali ya 1992 pale Graf alimfunga 6-2, 6-1. Yanabaki manne. Hapo ndipo penye ubishi wa kweli.

Na kuna jambo ambalo wanaotaka kupunguza hawaligusi. Seles alikosa Grand Slam kumi. Graf hakushinda zote kumi. Arantxa Sánchez Vicario alichukua mbili mwaka 1994, Conchita Martínez akachukua Wimbledon mwaka huo huo, Mary Pierce akachukua Australian Open ya 1995. Sijawahi kusikia mtu akidai taji la Pierce lihesabiwe nusu. Kama pengo la Seles liliwafaidisha, liliwafaidisha wote waliokuwa wanacheza. Kwa nini deni alipe mmoja? Kwa sababu mhalifu alimpenda yeye? Graf hakumtuma. Ukisema mataji yale yameletwa na kisu, unampa Parche kile hasa alichokitaka: jina lake liandikwe katika rekodi za Graf.

Sitegemei pia takwimu za mechi zao wao kwa wao, 10-5 kwa Graf. Baadhi ya ushindi huo aliupata 1989, Seles akiwa na miaka 15, na mwingine baada ya 1995, Seles akiwa si yule tena. Hata hivyo, aliyeangalia fainali ya US Open ya 1995 anajua ilikuwa mechi ya kweli. Seles alikuwa na pointi ya kumaliza seti ya kwanza, akapiga sevu (mpira wa kuanzisha) aliyoamini imeingia, mwamuzi akasema nje. Graf akaichukua seti hiyo, akapigwa 6-0 katika ya pili, akashinda 6-3 katika ya tatu. Wakati huo baba yake Graf yuko mahabusu Ujerumani kwa kesi ya kodi.

Hasira yetu ielekezwe panapostahili. Mashindano ya Hamburg yaliendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Graf alimtembelea Seles hospitali, kisha akacheza hadi fainali, akafungwa na Sánchez Vicario. Kama kuna swali la kumuuliza Graf, basi ni hilo: kwa nini hakujitoa? Mimi naona angejitoa. Wiki chache baadaye, kwenye mashindano ya Roma, wachezaji wakapiga kura kukataa nafasi ya Seles ya namba moja ilindwe hadi apone. Mchezaji mwenzao Gabriela Sabatini hakuungana nao. Alijizuia kupiga kura. Seles alipangwa namba moja pamoja na Graf aliporudi tu, 1995. Na hakucheza tena Ujerumani.

Kwa hiyo msimamo wangu: 22 ibaki 22. Ila wenzangu tunaomtetea Graf tuache kuitumia namba hiyo kama rungu. Sifa yake ina nguzo imara zaidi: mwaka 1988 alishinda Grand Slam zote nne pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, Seles akiwa bado hajawa mchezaji wa kulipwa, na hakuna mwingine aliyetwaa kila Grand Slam angalau mara nne.

Mnaotaka kupunguza, nijibuni mawili. Katika yale manne, lipi hasa mnalitoa, na kwa kigezo gani? Na kigezo hicho hicho kikimfikia Sánchez Vicario, mtamwambia nini?