Mmerusha Rossini kama mnarusha kikao cha ofisini!

Wakuu, hii imezidi. Watu wamelipia vipande vya "Il barbiere di Siviglia", opera ya kuchekesha ya mtunzi Rossini, mubashara mtandaoni. Waimbaji wamesimama na vitabu vya noti, hakuna mavazi wala mapambo. Hilo halina shida, tamasha la hivyo linabebwa na sauti. Na sauti ndiyo mliyoiua.

Chukueni wimbo wa "La calunnia" (uzushi) tu. Don Basilio, mhusika mwenye sauti nzito ya besi, anaeleza uzushi unavyosambaa: unaanza kama kaupepo, unavimba, mwisho unalipuka kama mzinga. Okestra inafanya vilevile. Fidla zinaanza kwa mnong'ono, upinde ukikwaruza karibu kabisa na daraja la nyuzi, kisha ala zinaongezeka kidogo kidogo. Nyie mkaacha kirekebisha sauti cha programu ya kurushia kimewashwa! Kile ni cha maongezi: sauti ikishuka kinaipandisha, ikipanda kinaibana. Kaupepo na mzinga vikatoka sawasawa, utani ukafia hapo. Kichuja kelele nacho kikadhani fidla ni feni, kikazifuta. Mwaka 1816 kule Roma onyesho la kwanza lilizomewa na watazamaji; safari hii waharibifu ni mafundi wenyewe.

Zimeni vyote viwili. Maiki mbili za stereo juu, nyuma ya kondakta. Kwenye mazoezi okestra ipige pale penye kishindo kuliko pote, wekeni kilele desibeli 6 chini ya kikomo, halafu toeni mikono kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti.

Midomo je? Figaro, yule kinyozi wa opera hii, anamwaga maneno mbiombio, sauti inatangulia midomo yake, kwa sababu picha inachelewa ikipita kwenye kamera na mitambo ya kubadilisha picha. Mtu apige kofi moja mbele ya kamera, mrekodi, mhesabu fremu (picha moja moja za video) kati ya mlio na mikono kugusana. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja ni milisekunde 40. Zikipishana fremu 3, cheleweshani sauti kwa milisekunde 120. Kazi ya dakika tano!

Tafsiri za chini ya skrini ndiyo aibu kabisa: kichekesho kinasomwa kabla hakijaimbwa. Kila mstari autoe kwa kubonyeza mtu anayefuata noti, msiachie saa iutoe yenyewe.

Sasa mnasema mtaiweka tena irudiwe kutazamwa. Kama kila maiki ilirekodiwa peke yake, changanyeni upya kwanza. Kama mna ile iliyorushwa tu, kilichobanwa hakirudi. Rudisheni hela za watu.