Athens: mwongoza watalii wa kulipa, matembezi ya "bure" au maelezo ya simu?

Mchungulia_Dunia: Wakuu, heshima kwenu. Julai nampeleka mama Athens. Yeye anataka kukanyaga mwamba wa Areopago alikohubiri Mtume Paulo; mimi shida yangu ni Acropolis, kile kilima chenye magofu ya kale. Kuna safari za basi na kundi kubwa, kuna matembezi wanayoyaita ya bure, kuna mwongoza watalii wa peke yenu, na kuna kupakua maelezo kwenye simu mkajitembelea. Mliofika, mnasemaje?

BintiTanga: Bure jina tu, mkuu. Mwisho wa matembezi mnatoa bakshishi na mnatazamana usoni. Halafu kwa sheria ya Ugiriki, kutoa maelezo ndani ya magofu ni kazi ya mwenye leseni. Kwa hiyo wengi wa hao wa bure wanakuonyesha Parthenon, lile hekalu kubwa la Acropolis, kwa kidole kutokea chini, kisha kwaherini. Kwa vichochoro vya mitaa ya Plaka na Monastiraki wanafaa sana, sikatai.

Mzee_wa_Ramani: Pesa yako iweke kwa mwenye leseni pale Acropolis. Bila msimulizi utaona mawe na jua. Wetu alituinamisha tuitazame ngazi ya Parthenon kwa pembeni, na kweli katikati imenyanyuka. Wajenzi waliipinda makusudi. Tena akaeleza kwa nini jengo liko wazi katikati: 1687 Waosmani, yaani Waturuki waliotawala hapo, walikuwa wameweka baruti humo, kombora la Wavenisi likailipua. Simu inaweza kukusomea hayo, ila haikuambii usimame wapi. Uliza kwanza kama bei ina kiingilio, maana tiketi peke yake ni euro 30 na ina saa yake maalumu.

Kipepeo88: Makumbusho ya Acropolis msilipie mtu. Yamefunguliwa 2009, maandishi yake yanajitosheleza. Zile sanamu za wanawake waliobeba paa la Erechtheion, hekalu jingine la pale kilimani, ziko tano, nafasi ya sita imeachwa wazi kwa sababu mwenzao yuko London. Kaeni hapo mtakavyo, bila mtu wa kuwaharakisha.

Mzee_wa_Ramani: Hapo nakupinga kidogo, lakini kwa bajeti sawa.

BintiTanga: Safari ya basi iwekeni kwa magofu ya Delphi, kama kilomita 180 kutoka mjini. Ndani ya Athens kundi la basi ni kukimbizana na mwenye kibendera huku vipokea sauti vinakwaruza masikioni.

Kipepeo88: Kuhusu mama, Areopago hakuna kiingilio na hahitaji mwongozaji. Chini ya mwamba kuna bamba la shaba lenye hotuba ya Paulo kwa Kigiriki. Abebe Biblia yake afungue Matendo 17. Ila mwamba umesuguliwa na miguu ya watu hadi unateleza, apande kwa ngazi za chuma. Acropolis ina lifti kwa wenye shida ya kutembea. Na Julai joto likizidi, serikali huwa inafunga Acropolis mchana, kwa hiyo ukipewa saa ya adhuhuri, badilisha.

Mchungulia_Dunia: Asanteni sana. Mama kasomewa yote, anasema lifti waachiwe wazee, yeye ana fimbo yake.

Mzee_wa_Ramani: Haha, mpe shikamoo yangu. Basi kata tiketi ya saa mbili asubuhi, na asivae kandambili.